Kwenu ni Wapi? Taifa, Uraia na Watoto wa Kambi

Hotuba iliyotolewa na mwalimu mmoja wa kambi ya Dzaleka, Malawi, mbele ya wazazi, walimu na wafanyakazi wa mashirika, katika maadhimisho ya Siku ya Wakimbizi Duniani, 20 Juni

 

Naishukuru Kamati kwa kunipa nafasi hii. Niliombwa niseme juu ya taifa na utaifa katika dunia ya leo. Neno hilo ni kubwa, na mwalimu akipewa neno kubwa anaweza kuwachosha watu mpaka jua lizame. Kwa hiyo nimelifunga ndani ya swali dogo ambalo kila mmoja wetu ameulizwa mara nyingi, kwenye foleni ya zahanati, kwenye minibasi ya Lilongwe, ofisini, hata na jirani mpya: kwenu ni wapi? Wenyeji wetu nao wanatuuliza vilevile kwa Chichewa: kwanu ndi kuti? Mnasikia jinsi maneno yanavyofanana.

Swali hili lina sababu yake mwaka huu. Mbele ya Kamati kuna pendekezo la kufungua madarasa ya jioni ya lugha na historia za nchi tulizotoka. Ni pendekezo zuri, nami naliunga mkono. Lakini lina mkia. Mkia huo unasema kwamba kabla ya mtoto kuandikwa, wazee wa taifa lake wakae, wamchunguze, wathibitishe kama kweli ni mtoto wa taifa hilo. Wanaosema hivyo si watu wabaya. Wanaogopa watoto wetu watapotea. Mimi nataka kuonyesha kwamba dawa hiyo tumekwisha kuinywa huko tulikotoka, na tunajua ilitufanya nini.

Nianze na Kongo, kwa sababu ndiko nilikozaliwa, na mtu akitaka kusema kwamba nyumba zina nyufa ni adabu aanze na ya kwao.

Chukueni mzee aliyezaliwa Fizi, kando ya Ziwa Tanganyika, mwaka 1950. Alizaliwa katika Kongo ya Ubelgiji. Tarehe 30 Juni 1960, akiwa mtoto wa miaka 10, aliamka katika Jamhuri ya Kongo. Mwaka 1964 ikawa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Tarehe 27 Oktoba 1971 ikawa Zaire. Mwezi wa Mei 1997 ikarudi kuwa Kongo. Mzee huyu hakuhama kijiji chake hata siku moja, wala ziwa halikuhama, lakini jina la nchi yake lilimpita juu ya kichwa kama ndege. Bendera nazo zilikuwa hivyo. Kulikuwa na ile ya buluu ya mwaka 1960 yenye nyota kubwa ya manjano na nyota sita ndogo. Mwaka 1963 ukaja mstari mwekundu wa mshazari. Mwaka 1971 bendera ikawa ya kijani, yenye mkono ulioshika mwenge. Mwaka 1997 nyota sita zikarudi. Mwaka 2006 mshazari ukarudi. Mkimwambia mzee huyo achore bendera ya nchi yake ana haki ya kuwauliza: ya mwaka gani?

Na nani aliichora nchi yenyewe? Ilichorwa Ulaya, wakati wa mkutano wa Berlin wa 1884 na 1885 na katika mikataba ya siku zile, akapewa mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji kama shamba lake binafsi, mpaka mwaka 1908 serikali ya Ubelgiji ilipoichukua. Mbembe wa Fizi na Mkongo wa Matadi hawakuwa wamewahi kukaa kikao kimoja, achilia mbali kukubaliana kuwa taifa moja. Kwa hiyo taifa letu lilianza kama ramani ya mtu mwingine.

Hapa ndipo watu wengi husimama na kusema, basi ni kitu cha bandia, tukitupe. Mimi sisimami hapo. Kitu kilichoanza kwa mkono wa mwingine kinaweza kuwa chako, kama vile mtoto uliyemlea. Watu wa Kongo waliteswa pamoja kwa ajili ya mpira wakati wa Leopold. Walichimba shaba pamoja Katanga, na humo migodini Kiswahili kikawa lugha ya kazi kwa watu waliotoka pande nyingi. Jeshini walizoea Kilingala. Baadaye muziki wa Kinshasa ukaingia katika redio za watu ambao Kinshasa hawajaiona mpaka leo. Shule zikafundisha majina ya mito na miji ileile kwa mtoto wa Bukavu na wa Mbandaka. Mambo hayo hayakupangwa na mtu mmoja, lakini ndiyo yaliyotuunganisha kuliko hotuba.

Nitawapa mfano mmoja wa kandanda, maana vijana wameanza kusinzia. Mwaka 1974 timu ya Zaire, Leopards, ilikwenda Ujerumani Magharibi kucheza Kombe la Dunia, timu ya kwanza ya Afrika kusini ya Sahara kufika huko. Ilifungwa na Scotland mabao 2, na Yugoslavia 9, na Brazil 3. Jumla mabao 14, na yenyewe haikufunga hata moja. Lakini zungumzeni na wazee waliosikiliza redio siku zile. Hawasemi kwamba timu ya Mobutu ilicheza. Wanasema: tulicheza. Sikilizeni hiyo "tu". Mzee wa Uvira ambaye hakuwa na ndugu hata mmoja katika timu ile anasema tulicheza, tulifungwa, tuliaibika. Mimi nikiulizwa darasani taifa ni nini, naanzia kwenye herufi hizo mbili.

Mobutu alilijua hilo, na alitaka kulitengeneza kwa nguvu. Mwaka 1972 aliamuru watu waache majina ya Kikristo wachukue majina ya mababu. Yeye mwenyewe akaacha Joseph-Désiré, akawa Mobutu Sese Seko. Kiburi alichowapa watu siku zile hakikuwa cha uongo chote, na wazee wengi hapa bado wanakikumbuka kwa furaha. Lakini tazameni lile jina Zaire lililotangazwa kuwa la asili yetu: ni neno la Kikongo la mto kama Wareno walivyolitamka vibaya miaka mia kadhaa nyuma. Tena alifanya taifa, chama na mtu mmoja kuwa kitu kimoja, hata aliyempinga yeye akahesabiwa kuwa ameipinga nchi. Hiyo "tu" ikageuka kuwa "mimi".

Sasa nisikilizwe vizuri na ndugu zangu Warundi na Wanyarwanda, maana kuna hoja naisikia mara nyingi hapa kambini. Inasema kwamba Kongo imevurugika kwa sababu ina makabila mengi na lugha zaidi ya 200, na kwamba watu wa lugha moja wanaelewana. Kama lugha moja ingetosha, Burundi ingekuwa nchi ya amani kuliko zote. Kirundi kinasemwa kutoka Kirundo mpaka Makamba, watu wanakaa juu ya vilima vilevile na kusali katika makanisa yaleyale, na walikuwa na mfalme mmoja kabla ya Wazungu. Hayo hayakuzuia mauaji ya mwaka 1972 wala ya mwaka 1993. Rwanda ina Kinyarwanda chake kimoja. Katika miaka ya 1930 utawala wa Kibelgiji uliwapa watu vitambulisho vilivyoandikwa Mhutu, Mtutsi au Mtwa. Mwaka 1994 kadi hizo zikasomwa kwenye vizuizi vya barabarani, na neno moja juu ya karatasi likaamua nani apite na nani auawe. Baada ya mauaji ya kimbari neno hilo liliondolewa katika vitambulisho.

Kongo kwa upande wake imejaribiwa kukatwa mara nyingi. Katanga ilijitangaza nchi tarehe 11 Julai 1960, ikarudishwa Januari 1963. Kasai Kusini nayo ilijitenga. Kati ya 1998 na 2003 nchi iligawanywa na makundi yenye silaha, na hata makundi makubwa yale, RCD na MLC, yaliandika neno Kongo ndani ya majina yao. Waliiba nchi, lakini hawakuthubutu kuiita jina lingine. Siwasifu. Nasema tu kwamba lugha moja haitoshi kuwaweka watu pamoja, wala lugha nyingi hazitoshi kuwatenganisha.

Nini basi kinachowatenganisha? Mara nyingi ni swali lilelile la kwenu ni wapi, likiulizwa na mwenye nguvu kwa mtu ambaye jibu lake halitasikilizwa. Wako watu hapa wenye asili ya Kasai. Wazazi wao au babu zao walikwenda Katanga kufanya kazi reli na migodini, watoto wakazaliwa Likasi na Kolwezi, Kiswahili kikawa ndiyo lugha ya nyumbani. Mwaka 1992 na 1993 waliambiwa warudi kwao. Wengi wao huko kwao hawakuwa wamekuona. Walilala kwenye vituo vya reli wakingoja treni, na wengine walifia humo. Wote walikuwa raia wa Zaire, na waliowafukuza walikuwa raia wa Zaire.

Na kuna lile la sheria, ambalo naliomba Kamati ilitafakari kabla ya kupiga kura. Katika lugha yetu tuna neno taifa na tuna neno uraia. Taifa ni hiyo "tu" niliyoisema. Uraia ni karatasi, na karatasi inaandikwa na mtu. Tarehe 5 Januari 1972 Zaire ilitoa sheria iliyowapa uraia watu wenye asili ya Rwanda na Burundi waliokuwa wamekaa Kivu tangu kabla ya tarehe 1 Januari 1950. Tarehe 29 Juni 1981 ikaja sheria nyingine iliyoifuta hiyo: sasa mtu aonyeshe kwamba babu yake alikuwa wa kabila lililokuwa ndani ya mipaka ya Kongo tarehe 1 Agosti 1885. Fikirini. Nani kati yetu, wa kabila lolote, ana karatasi ya babu yake ya mwaka 1885? Mtu alilala raia, akaamka akiwa mgeni katika nyumba aliyozaliwa. Hakuna aliyekuwa na ushahidi, kwa hiyo ushahidi ukawa sura, pua, namna ya kutamka neno, na maneno ya wazee wa kijiji. Wazee waliitwa kuthibitisha.

Sisemi kwamba vita vya mwaka 1996 vililetwa na sheria peke yake. Kulikuwa na mauaji ya Rwanda, majeshi yaliyovuka mipaka, mashamba, madini na uroho wa watu wakubwa. Na wengi wenu mliokimbia Fizi na Uvira mna makaburi ambayo hakuna sheria itakayoyaeleza. Sitaki kugombana na makaburi. Lakini kwamba ugomvi wa uraia ulikuwa kuni katika moto ule, hilo halina shaka.

Sheria iliyopo sasa ni ya tarehe 12 Novemba 2004. Inasema kwamba Mkongomani wa asili ni mtu wa makabila ambayo watu wao na ardhi yao vilikuwa sehemu ya Kongo ilipopata uhuru, yaani mwaka 1960, si 1885 tena. Inasema pia kwamba mtoto ambaye mmoja wa wazazi wake ni Mkongomani, awe mama au baba, ni Mkongomani. Wakina mama, lishikeni hilo. Lakini sheria hiyohiyo inasema uraia wa Kongo ni mmoja tu, hauwezi kukaa pamoja na mwingine. Sheria ya Burundi ya mwaka 2000 kwa upande wake inamtazama zaidi baba. Sasa tazameni nyumba zetu: mama wa Uvira na baba wa Bujumbura, mama wa Ngozi na baba wa Bukavu. Kila mlango una sheria yake, na mtoto hajui amesimama mbele ya mlango upi. Hawa nawajua kwa sababu nawafundisha. Mkileta wazee wawachunguze, wazee wa pande zote mbili watawakataa.

Niseme kidogo juu ya nchi iliyotupokea, kwa heshima ya mgeni.

Malawi nayo ilitengenezwa. Mpaka tarehe 6 Julai 1964 iliitwa Nyasaland. Jina Malawi lilitolewa kwenye dola ya kale ya Maravi. Mwaka 1968 serikali ya Rais Banda iliamua Chichewa kiwe lugha ya taifa. Lugha hiyo zamani vitabuni iliitwa Chinyanja. Kitumbuka, kilichokuwa redioni na magazetini, kikaondolewa, na hakikurudi redioni mpaka mwaka 1994 baada ya mfumo wa chama kimoja kuanguka. Wenyeji wetu wanajua hayo kuliko mimi. Wanajua pia kwamba hapa tulipokaa palikuwa gereza. Tunapochota maji leo, walifungwa Wamalawi ambao siasa yao haikupatana na chama. Na Mashahidi wa Yehova wa nchi hii, kwa kuwa walikataa kununua kadi ya chama, walipigwa na kufukuzwa, na maelfu yao wakakimbilia Zambia na Msumbiji. Ndiyo, Mmalawi naye amewahi kuwa mkimbizi. Baadaye Malawi hiyohiyo, nchi isiyo tajiri, iliwapokea wakimbizi wa Msumbiji zaidi ya milioni moja, mpaka vita vyao vilipokwisha mwaka 1992.

Hata bendera yao imegombaniwa. Mwaka 2010 Rais Bingu wa Mutharika alibadilisha jua lililokuwa linachomoza akaweka jua zima jeupe, akisema nchi imekwisha kuendelea. Watu wengi hawakukubali. Mwaka 2012, baada ya kifo chake, Bunge chini ya Rais Joyce Banda lilirudisha jua linalochomoza. Nawapenda Wamalawi kwa jambo hilo. Walibishana juu ya taifa lao miaka miwili bila mtu kukimbia nyumba yake.

Lakini tusijidanganye juu ya karatasi. Kuzaliwa hapa peke yake hakumpi mtoto uraia wa Malawi. Sheria ya mwaka 1966 inataka mzazi Mmalawi. Na Malawi ilipojiunga mwaka 1987 na mkataba wa wakimbizi wa mwaka 1951 iliweka masharti juu ya vifungu kadhaa, kikiwamo cha kutembea popote nchini na cha kupewa uraia. Nchi nyingine zimewahi kuchukua njia nyingine. Tanzania ilikubali kuwapa uraia wakimbizi wa Burundi wa mwaka 1972, zaidi ya watu 160,000, ingawa kutoka uamuzi wa mwaka 2007 mpaka vyeti kuanza kutolewa mwaka 2014 ilipita miaka saba. Nawaambia hayo mjue kwamba milango ya namna hiyo hufunguliwa na serikali, polepole, na si na kamati ya kambi.

Basi watoto wetu. Kambi ilifunguliwa mwaka 1994. Mtoto aliyezaliwa mwaka ule leo amevuka miaka thelathini, na yuko ambaye ana watoto wake mwenyewe. Shuleni tunafuata mtaala wa Malawi. Watoto wanajifunza Kiingereza na Chichewa, wanaimba wimbo wa taifa wa Malawi, wanamjua mchungaji John Chilembwe aliyeongoza uasi wa mwaka 1915. Baba mmoja alinifuata na hasira: mwanangu anamjua Chilembwe lakini Lumumba hamjui. Nilimjibu kwamba kumjua Chilembwe si dhambi, ni shukrani kwa mwenye nyumba. Lakini nusu ya pili ya maneno yake ni kweli, na ndiyo sababu nataka madarasa ya jioni.

Angalieni pia kitu ambacho watoto wametengeneza bila kutuomba ruhusa. Wanasema Kiswahili ambacho si cha Bukavu, si cha Bujumbura, si cha Dar es Salaam. Unga wanapeleka kwenye chigayo. Kaka yao akienda kufanya kibarua wanasema amekwenda ganyu. Bugali wameuita nsima. Mtoto wa Kiethiopia ambaye baba yake ana duka anauza sukari kwa Kiswahili hicho, na watoto wa vijiji vya karibu wanaosoma nasi wanakisema wakicheza mpira. Walimu wengine wanakisahihisha kwa fimbo ya kalamu nyekundu. Mimi nakisahihisha kwenye daftari, uwanjani nakiacha. Ni "tu" yao. Haina bendera, haina karatasi, haitawapa pasipoti, na ni kosa kuwaambia kwamba itawapa. Lakini mtu akiniambia watoto hawa hawana utambulisho, najua kwamba hajakaa nao hata alasiri moja.

Kuna jambo dogo la lugha ambalo nimelifikiri mara nyingi. Kwa Kiswahili tunaitwa wakimbizi: neno linaona miguu tu. Kwa Chichewa tunaitwa othawa kwawo, waliokimbia kwao. Hapo neno "kwao" limebaki ndani. Wenyeji wetu walipotupa jina walikumbuka kwamba tuna kwetu, wakati sisi wenyewe kwa sisi tunaanza kunyang'anyana.

Maana tunanyang'anyana. Nimesikia bombani mama mmoja akiambiwa kwamba yeye si Mkongomani wa kweli, kwa sababu ya namna alivyotamka neno ndoo. Nimesikia kijana wa Kirundi akiulizwa "upande" wake kabla ya kuruhusiwa kuingia timu. Hayo maneno hayakuzaliwa hapa. Tuliyavusha mpaka tukiwa tumeyabeba pamoja na sufuria.

Kwa hiyo ombi langu kwa Kamati ni hili. Madarasa yafunguliwe, mkia ukatwe. Mtoto aandikwe kwa neno la mzazi au mlezi wake, basi. Akitaka kukaa darasa la Kirundi Jumatatu na la Kongo Jumatano, akae. Historia ifundishwe na mwalimu, na wazee waje kama mashahidi wa waliyoyaona, wasije kama mahakimu. Na ifundishwe yote: majina yote ya nchi, bendera zote, na siku ambazo hatupendi kuzitaja. Najua mzazi wa Kirundi ataogopa mwaka 1972 ukisimuliwa na mtu wa upande mwingine, na mzazi wa Kongo ataogopa mwaka 1996. Kwa siku hizo nashauri walimu wawili wakae pamoja darasani, wa pande mbili, na mzazi anayetaka kukaa nyuma asikilize aruhusiwe. Itakuwa ngumu. Siahidi kwamba hakuna atakayeinuka na kutoka.

Kwa wafanyakazi wa mashirika nina maneno machache. Mnatupa fomu nyingi, na fomu zina mahali pa kuandika uraia, na nyingine mahali pa kabila. Najua zina kazi yake. Naomba mtoto asiulizwe kabila mbele ya foleni, na mtoto mdogo asiulizwe kabisa. Pia naomba mtafute mtu atakayekuja kutueleza kwa Kiswahili na Kirundi, katika siku nzima na si katika dakika kumi, sheria za uraia za nchi zetu zinasema nini juu ya mtoto aliyezaliwa nje. Mimi ni mwalimu wa shule, si mwanasheria, na nimefika mwisho wa ninachokijua.

Lakini jambo moja halihitaji mwanasheria. Siku yoyote mtoto wenu atakapotaka kuthibitisha yeye ni nani, iwe Kinshasa, Gitega, Lilongwe au nchi ya mbali atakayopelekwa, kitu cha kwanza atakachoulizwa ni karatasi inayosema alizaliwa wapi, lini, na wazazi wake ni nani. Karatasi ya kuzaliwa haimpi uraia. Inamtaja mama yake na baba yake, na uraia wa nchi zetu unapitia kwao. Wako watoto wengi darasani kwangu wasio na karatasi hiyo, wengine kwa sababu majina ya wazazi yaliandikwa vibaya na mtu hakurudi kusahihisha, wengine kwa sababu baba alisema haina maana kwa kuwa tutarudi hivi karibuni. Alisema hivyo miaka kumi iliyopita.

Walimu wawili watakaa katika chumba cha darasa la pili kila Jumatatu na Alhamisi alasiri, kuanzia wiki ijayo, kuandika majina ya watoto hao ili yapelekwe ofisini pamoja. Leteni karatasi ya zahanati, hata kama imechanika au imelowa mvua. Angalieni tahajia ya majina kabla ya kuondoka, herufi kwa herufi. Na mzee mwenye kitabu cha shule cha zamani, noti ya Zaire, picha au kadi yoyote ya miaka ile, aje nayo tuitazame. Haitachukuliwa, itarudi mkononi mwake jioni hiyohiyo.

 Sasa nawaachia maswali.